Fungu la Wajane

Kura ya Bi Thuwaiba ilipigwa Jumatatu asubuhi, mwenyewe akiwa jikoni anachambua mchele. Hakuna aliyebisha hodi wala aliyemuuliza neno. Kile kisanduku cheupe cha ukutani, ambacho siku nyingine kazi yake ni kumkumbusha dawa za presha, kililia mlio wake wa adabu, kikasema kwa Kiswahili safi, Kiswahili kisicho na kwao:

"Bi Thuwaiba Vuai, kura yako katika uchaguzi wa mwaka huu imekadiriwa. Umechagua Chama cha Mnara. Asante kwa kushiriki."

Bi Thuwaiba aliweka ungo chini. Si mtu wa matusi, ila akitukana hutukana Kipemba, na siku ile alitukana kwa sauti iliyomfanya Latifa, mke wa mwanawe, ashuke ngazi mbio akidhani mama mkwe ameanguka.

"Niitie Ghanima," akasema. "Niitie mtoto wa kaka yangu. Yeye ndiye anayekula mshahara wa hawa wanga."

Ghanima alifika jioni baada ya kazi, koti limeloa mvua ya Coventry, mkononi mkate wa kumimina uliofungwa kitambaa. Asingeitwa pia angekuja. Tangu azikwe Mzee Mselem, mume wa shangazi yake, Ghanima alikuwa akipita mara kwa mara, maana mwanamke aliyemo edani haachwi peke yake na kuta. Bi Thuwaiba alikuwa ameishika eda yake barabara: hakutia wanja wala udi, alivaa gauni lile lile la kijivu, na tangu siku ya maziko hakuvuka kizingiti cha mlango wa mbele. Miezi minne na siku kumi ni miezi minne na siku kumi, alisema, iwe Wete au Uingereza.

Ghanima alipoingia, beji iliyobanwa chini ya ukosi wa koti lake ililia tiki ndogo. Beji za maafisa wa Idara ya Kadirio hulia kila zinapoingia nyumba ya mtu. Kuivua msimu wa uchaguzi ni kosa la kufungwa, na Ghanima alikuwa ameivaa miaka mingi mno kiasi kwamba ile tiki hakuisikia tena.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Kaa. Hebu n'ambie, mie nimewachagua Mnara lini?"

"Si wewe, Shangazi. Ni fungu lako."

"Fungu? Mie nyanya, niwekwe mafungu sokoni?"

Latifa, aliyekuwa anamimina chai, alicheka kidogo kisha akajizuia. Ghanima hakucheka. Alikuwa na umri wa miaka hamsini, na nusu ya umri huo ameitumia kuwaeleza watu jambo hili hili, lakini hajawahi kumweleza mtu aliyemwosha utotoni.

Waingereza ni watu wa foleni, kila mtu anajua hivyo. Ila foleni ya kupiga kura iliwachosha. Mwaka baada ya mwaka walizidi kubaki majumbani, mpaka serikali zikawa zinachaguliwa na wastaafu na mbwa wao. Ndipo wataalamu waliposema: ya nini kuwasumbua watu, na sisi tunajua watakalosema? Tupe umri wa mtu, elimu yake, kazi yake, kama ana nyumba au amepanga, dini yake, asili yake na mtaa anaoishi, nasi tutakwambia kura yake. Walijaribu, wakapatia. Wakajaribu tena, wakapatia zaidi. Sheria ikapita, na toka hapo raia hupigiwa kura na Kadirio, naye hupewa taarifa kwa heshima.

"Mzee Mselem alipokuwa hai," Ghanima alieleza, "nyumba hii ilihesabiwa kwake. Dereva wa basi, mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Watu wa namna hiyo ni Chama cha Daraja, na wewe ulihesabiwa pamoja naye. Sasa nyumba ni yako. Mashine inaona mwanamke aliyepita miaka sabini na mitano, mwenye nyumba isiyo na deni, mwenye kusali, asiye na shahada, asiye na kazi. Nchi nzima watu wa hivyo ni Mnara. Asili yetu inakuvuta kidogo kwa Daraja, lakini umri na nyumba vina uzito zaidi."

"Kwa hivyo mume wangu kafa, kura yake imekwenda naye, na yangu wameichukua Mnara."

"Ndivyo."

Bi Thuwaiba alimtazama Latifa. Hapakuwa na haja ya kusema kitu, ila alisema. Mnara walikuwa wameapa kwamba wakishinda watapitisha Sheria ya Marejeo, na kila aliyeingia Uingereza kwa ndoa katika miaka ya karibuni atarudishwa alikotoka akangoje zamu. Latifa alikuwa ameingia kwa ndoa majira mawili ya baridi yaliyopita. Mumewe, Seif, yuko kwenye mitambo ya upepo kaskazini kabisa, harudi ila kwa likizo. Anayemwamsha Bi Thuwaiba, anayempima sukari, anayemsikia akilia bafuni na kujifanya hakusikia, ni Latifa.

"Nimemkatia mke wa mwanangu tiketi ya ndege," akasema Bi Thuwaiba, "na mie nachambua mchele."

"Kuna pingamizi," Ghanima akasema. "Siku ya uchaguzi, asiyekubali kadirio lake anakwenda ukumbini mwenyewe, anapiga kwa mkono wake. Kura ile ya mashine inafutwa."

"Mwenyewe? Hawawezi kuja hapa?"

"Hawaji nyumbani. Zamani walikuja, wakakuta akina baba wanawapingia wake na watoto wote, mmoja anazungumza na wengine wamekaa kimya sebuleni. Ndiyo ikawekwa sheria: lazima utoke."

Bi Thuwaiba alihesabu siku kwa vidole. Uchaguzi ulikuwa ndani ya eda.

*

Ofisini, Ghanima alimwendea mkuu wake, Alasdair Pruett, mtu mrefu mwenye macho ya usingizi, mpole kwa kila mtu na asiye na msaada kwa yeyote. Alimwomba ruhusa ya afisa kwenda kupokea pingamizi nyumbani kwa mjane anayefuata desturi ya dini yake.

"Hapana," Pruett akasema, kwa huzuni ya kweli. "Nikimruhusu mmoja, kesho nitakuwa na mapadri na walinzi wa mifugo. Na zaidi ya hapo, Ghanima, ningekuwa wewe nisingependa apinge."

"Kwa nini?"

Pruett alikigeuza kioo cha kompyuta yake ili naye aone. Fungu la shangazi yake lilikuwa pale: wajane wa Kiislamu, wazee, wenye nyumba, Coventry. Lilikuwa na rangi ya kijivu.

"Kijivu ni shaka," Pruett akasema. "Mashine haiwajui hawa vizuri. Umri unasema Mnara, asili inasema Daraja, na wao wenyewe hawajawahi kupinga wala kukubali. Kila mmoja anaambiwa kura yake imekwenda Mnara, kwa sababu Mnara wamezidi kidogo, lakini ndani kwenye hesabu, fungu lenye shaka linagawanywa. Karibu nusu kwa nusu. Na jimbo lenu linaning'inia. Hiyo nusu ndiyo inayolishikilia."

"Na akitoka akapinga?"

"Mashine itauliza ana nini ambacho wenzake hawana. Hilo ndilo swali pekee inalolijua. Itaona kwamba wajane wa fungu hili, mwaka wa msiba, hawatoki nje. Huwa inaliona hilo, ingawa haijui linaitwaje. Yeye atakuwa ametoka. Basi itakata fungu vipande viwili: aliyevunja desturi, Daraja, mtu mmoja. Walioishika desturi, wote waliobaki. Na watu wanaoshika desturi, popote pale, ni wa nani?"

Ghanima alikitazama kioo. Jibu alilijua, alikuwa amelifundisha kwa maafisa wapya.

"Shaka litaondoka," Pruett akasema taratibu. "Kura ya shangazi yako itakuwa yake. Za wenzake zote zitakwenda Mnara."

Alirudi mezani kwake akakaa ameshika tama. Roho ilimuuma, na kilichomuuma zaidi si mashine. Mashine ni mashine. Kilichomuuma ni kwamba, toka asubuhi ile, yeye peke yake katika ukoo ndiye aliyejua, na ingekuwa rahisi kweli kufunga mdomo. Akifunga mdomo, shangazi yake atatoka, atapiga kura yake, atarudi nyumbani ameridhika, na wale akina mama wengine hawatajua kamwe nani aliyewauza. Akifungua mdomo, atakuwa amemnyang'anya mzee kitu cha mwisho alichokitaka.

*

Latifa ndiye aliyemfungulia mlango. Beji ililia tiki.

"Mama keshampigia simu Sheikh Nahodha," akamnong'oneza. "Sheikh kamwambia dharura ya mchana inaruhusiwa, mradi arudi kabla ya magharibi. Toka jana hanisikilizi mie wala daktari. Keshapigisha pasi buibui."

Na kweli buibui lilikuwa limetundikwa mgongoni mwa mlango wa sebule, jeusi, halina hata urembo wa uzi. Bi Thuwaiba alikuwa amekaa chini yake, mkao wa mtu anayengoja kuitwa.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Unajua nilikuwa nakumbuka nini? Ule ukumbi wa kanisa tuliokuwa tukipigia zamani, kabla ya vitu vyenu hivi. Nchi hii kila mahali nimeulizwa natoka wapi. Hospitali, benki, dukani nikinunua vitunguu. Pale hawakuniuliza. Kizee cha kizungu kinakupa karatasi, unaingia kwenye kibanda cha mbao, mna kalamu ya risasi imefungwa kwa uzi. Nikawa nashangaa, taifa zima hili linaogopa kuibiwa kalamu." Akacheka kidogo. "Mselem alikuwa ananingoja nje. Hakuniuliza hata mara moja nimemchagua nani. Nami kuna mwaka nilimpinga, makusudi, kwa kuwa alikuwa amenikera. Mpaka amekufa hakujua."

Ghanima aliketi sakafuni, kwenye mkeka, akawa chini ya magoti yake kama alivyokuwa akikaa akisukwa nywele. Alikuja na maneno ameyapanga, yote yakamtoka.

"Shangazi, ukitoka utawaangamiza wenzako," akasema.

Akamweleza. Alimweleza juu ya rangi ya kijivu, juu ya shaka linalogawanywa, juu ya fungu litakalokatwa vipande viwili. Hakuficha kitu wala hakutia chumvi. Bi Thuwaiba alisikiliza mkono ukiwa shavuni, na Latifa alisimama mlangoni na trei ya vikombe, chai ikipoa.

"Bi Mgeni wa nyumba ya kona," Bi Thuwaiba akasema mwishowe. "Yumo fungu hilo?"

"Yumo."

"Na yule Mpunjabi aliyefiwa mwezi wa Ramadhani, aliyeniletea wali wa nazi akidhani ndicho tunachokula tu?"

"Naye yumo."

"Na wote hao ni Daraja?"

"Sijui, Shangazi. Hakuna aliyewauliza. Ndiyo maana bado wana nusu."

Nje mvua ilikuwa imekatika. Kisanduku cha ukutani kilikumbusha dawa za presha, hakuna aliyekijibu.

"Kwa hivyo nikinyamaza nasema uongo, na nikisema nawanyamazisha wenzangu." Hakulisema kwa hasira. "Hiyo akili imetungwa na nani, Ghanima?"

"Na watu kama mimi."

"Nilidhani ni watu wabaya."

Aliinuka kwa kushikilia mkono wa kiti, akalitungua buibui, akalikunja mara mbili, akampa Latifa alirudishe kabatini. Latifa alilipokea, machozi yakamlenga. Huenda alielewa kuliko wote kwamba mama mkwe hakuwa anamchagua yeye wala kumwacha. Alikuwa anaishikilia ile nafasi ndogo iliyobaki.

"Nitakaa," Bi Thuwaiba akasema. "Nitaikamilisha eda ya mume wangu, na wao wagawane hiyo nusu yao. Lakini wewe usiniache. Uje kila siku mpaka uchaguzi upite, tukae tu. Nikibaki peke yangu na hicho kisanduku nitakipasua kwa mchi."

"Nitakuja, Shangazi."

Na Ghanima alitimiza ahadi. Alikuja kila jioni. Walikaa, wakachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa, wakasema habari za marehemu, wakacheka mahali pa kulia na kulia mahali pa kucheka. Kila alipovuka kizingiti, beji chini ya ukosi ililia tiki.

*

Siku ya uchaguzi Ghanima alipangiwa ukumbi wa pingamizi. Walikuja wachache: kijana mwenye shahada mbili aliyetaka Mnara, mkulima aliyetaka Daraja ili kumkomoa baba yake. Mchana kutwa alikuwa akitupa jicho mlangoni, akiogopa kumwona mwanamke mwenye buibui lisilo na urembo. Hakutokea. Ghanima alishusha pumzi.

Matokeo yalitangazwa ukumbi ulipofungwa, maana hakuna cha kuhesabu. Jimbo lao lilikwenda Mnara, kwa tofauti ya kura ambazo wenyewe wangeenea kwenye ukumbi mmoja wa harusi. Kufikia chakula cha usiku ilijulikana kwamba nchi nayo imekwenda Mnara, kwa majimbo machache ya namna hiyo.

Kesho yake alimkuta Pruett amesimama mbele ya kioo, na kabla hajaambiwa alijua. Fungu la wajane halikuwa kijivu tena. Lilikuwa na rangi ya Mnara, lote, limekoza.

"Hakutoka," Ghanima akasema. "Alikaa. Aliendelea kukaa mpaka mwisho."

Pruett aligusa kioo, maelezo yakafunguka. Maelezo ya Kadirio huwa mafupi. Yalisema kwamba mwananchi mmoja wa fungu hili, aliyekuwa na taarifa ya kura yake, alitembelewa na afisa wa Idara nyumbani kwake kila siku hadi siku ya uchaguzi. Kwamba kwa hiyo ameelezwa haki yake ya kupinga kuliko raia yeyote katika jimbo. Kwamba hakupinga, na wenzake wahesabiwe kama yeye. Shaka limeondolewa.

"Nilidhani unakwenda kumshawishi atoke," Pruett akasema.

"Nilikwenda kukaa naye." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mjane haachwi peke yake. Ni hivyo tu. Kwetu ni hivyo tu."

"Ulikuwa na beji."

Ghanima alipeleka mkono chini ya ukosi akaigusa. Ilikuwa na joto la mwili wake. Kanuni ile aliijua. Ziara ya afisa ni maelezo, na kimya baada ya maelezo ni ridhaa. Alikuwa ameitia sahihi miaka ile ya mwanzo, na ilikuwa kanuni nzuri, iliwekwa ili maafisa wavivu wasidai wamefika nyumba ambazo hawakufika. Haikumpitikia hata siku moja kwamba kwenda kwa shangazi yake ni ziara.

"Inaweza kufutwa?" akauliza.

Pruett alitikisa kichwa, kisha akamletea chai, ambayo ndiyo dawa ya Waingereza kwa msiba wowote.

*

Eda iliisha siku ya baridi kavu, jua limetoka lakini halina kazi. Ghanima na Latifa walimwogesha Bi Thuwaiba, wakamvisha gauni jipya la rangi ya zambarau, wakamtia wanja na mafuta ya mkarafuu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nyumba ikafukizwa udi. Akina mama wa mtaa walikuja na sahani zao. Bi Mgeni wa nyumba ya kona alikuwepo, na yule Mpunjabi pia, na wali wake wa nazi.

Sanduku la Latifa lilikuwa chini ya ngazi. Sheria ya Marejeo ilipita bungeni haraka kuliko watu walivyotarajia, na barua yake ilimtaka awe uwanja wa ndege kabla ya wiki kwisha. Seif alipewa ruhusa ya kuja kumsindikiza, ila si ya kubaki.

Wageni walipotoka, Bi Thuwaiba alimvuta Ghanima kando, karibu na dirisha. Alinukia vizuri. Alionekana mdogo ndani ya gauni jipya.

"Nataka kukuuliza jambo moja, na unijibu kweli," akasema. "Najua tumeshindwa. Mungu hakutaka. Lakini lile fungu letu, mie nilivyokaa, liligawanywa?"

Ghanima alimtazama. Nyuma yao Latifa alikuwa anaosha vikombe taratibu, kikombe kimoja kimoja, kama mtu asiyetaka viishe. Beji haikuwepo ukosini; msimu ulikuwa umepita, na hakuna kitu ndani ya nyumba ile kilichokuwa kikisikiliza isipokuwa shangazi yake.

"Liligawanywa, Shangazi," akasema. "Nusu kwa nusu."

Bi Thuwaiba alifumba macho, akamshukuru Mungu kwa sauti ya chini. Kisha akampiga Ghanima kofi jepesi la begani, kofi la furaha, akaenda jikoni kumsaidia Latifa kufuta vikombe.

"Basi sikukaa bure," alisema akiwa kule. "Mwambie Bi Mgeni nilimtunzia yake."

Kisanduku cha ukutani kikalia mlio wake wa adabu. Kilisema kwamba mabadiliko ya watu wa nyumba hii yamepokelewa, kwamba kuanzia Ijumaa Bi Thuwaiba Vuai atahesabiwa kuwa mjane anayeishi peke yake, na kwamba kura yake ya uchaguzi ujao imeshakadiriwa. Kikamshukuru kwa kushiriki.